Msemaji wa Mambo ya Nje: Kila Neno Liwe na Mwenyewe

Umeteuliwa kuwa msemaji wa wizara ya mambo ya nje. Hongera. Au wewe ni afisa habari ubalozini, balozi yuko safarini, simu za waandishi zinaita na aliyebaki ofisini ni wewe. Kazi ni ileile. Utakachosema leo kitahesabika kuwa kimesemwa na nchi.

Kwanza jua nani anakusikiliza. Walioketi mbele yako ni waandishi, lakini maneno yako hayaishii kwao. Afisa wa ubalozi wa nchi jirani naye anarekodi. Jioni hiyohiyo ataandika ripoti kwa wakubwa zake, na huko mtu atapiga mstari chini ya kitenzi ulichotumia na kukilinganisha na kile cha wiki iliyopita. Mwandishi akikunukuu vibaya unampigia simu mnarekebisha. Huyu wa ubalozi hutamsikia.

Kwa hiyo kabla hujatamka sentensi yoyote, jiulize: hii mwenyewe nani? Ni ofisi gani serikalini imeikubali? Ukishindwa kuitaja, sentensi hiyo haijaiva. Iache ofisini. Hapa ndipo penye kazi yako hasa. Kusimama mbele ya kamera ni sehemu ndogo tu.

Waige Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani katika hili. Asubuhi ofisi ya msemaji husoma habari za usiku na kukisia maswali ya mchana. Kila swali hupelekwa kwenye dawati la nchi inayohusika. Dawati huandika jibu fupi, kisha jibu hilo huzungushwa kwa kila ofisi yenye kauli, wakiwemo wanasheria, mpaka wote waseme sawa. Msemaji anapopanda jukwaani, jalada alilobeba limejaa majibu yenye wenyewe.

Huenda wewe huna jeshi hilo la watu. Una simu. Kabla ya saa tatu asubuhi andika maswali unayoyaogopa, siyo yale unayoyapenda. Mpigie mwenye dawati. Mpigie mwanasheria wa wizara. Pembezoni mwa kila jibu andika kwa kalamu jina la aliyelikubali na saa aliyolikubali. Siku mtu atakapouliza “nani alisema tuseme hivi?”, utafungua karatasi tu.

Ukipewa karatasi dakika ya mwisho, isome mpaka mstari wa mwisho. Tarehe 9 Novemba 1989, Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, alikabidhiwa karatasi ya kanuni mpya za kusafiri nje muda mfupi tu kabla ya mkutano na waandishi. Hakuwamo wakati kanuni hizo zinajadiliwa. Akaisoma mbele ya kamera. Mwandishi akauliza: zinaanza lini? Schabowski akapekua makaratasi yake, akajibu kwamba kwa anavyojua ni papo hapo. Kumbe tangazo lilipaswa kusubiri hadi alfajiri ya siku iliyofuata, walinzi wa mpakani wawe wameshapewa maelekezo. Usiku ule watu walifurika kwenye vizuizi vya Berlin na ukuta ukafunguka.

Dunia ilifurahia matokeo yale, nami nayafurahia. Usiitegemee bahati ya namna hiyo. Kila tangazo linalokujia, muulize aliyelileta mambo matatu: linaanza lini, nani ameshaambiwa, na nani bado hajui. Asipoweza kukujibu, mkutano unaweza kusogezwa nusu saa. Hakuna sheria inayokataza msemaji kuchelewa.

Sasa tuje kwenye vitenzi, maana ndivyo vinavyosomwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Ukisema “tunafuatilia kwa karibu”, hujajifunga. “Tuna wasiwasi” ni ngazi moja juu. Kisha “tunasikitishwa”, “tunapinga”, halafu “tunalaani”. Baada ya hapo maneno yanakwisha, vinafuata vitendo: kumwita balozi wao wizarani, kumrudisha balozi wako nyumbani kwa mashauriano, kumfukuza mwanadiplomasia, kuvunja uhusiano. Tengeneza ngazi hii ukurasa mmoja, ikubaliwe na Katibu Mkuu, uibandike mezani kwako.

Panda ngazi moja moja. Ukilaani siku ya kwanza, ya pili utasema nini? Na usishuke bila sababu. Ukilaani Jumatatu kisha Jumanne ukasikitika tu, watu watauliza kati ya siku hizo mbili ni simu ya nani iliyopigwa.

Jua pia bei ya kila ngazi kabla hujaikanyaga. Tanzania ilifika ya mwisho Desemba 1965, ilipovunja uhusiano na Uingereza kwa kutowazuia walowezi Wazungu wa Rhodesia waliojitangazia uhuru. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Rais Nyerere alikubali kuubeba mzigo huo. Msemaji hana mamlaka ya kuitwisha nchi mzigo wa namna hiyo kwa kuteleza ulimi.

Taarifa ikitoka kwa Kiswahili na Kiingereza, keti na mwenzako mzisome kwa pamoja, sentensi kwa sentensi. Ngazi iwe moja. Zitoke kwa wakati mmoja.

Halafu fupisha. Tarehe 26 Machi 1982, Qian Qichen wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China alikutana na waandishi kujibu hotuba ambayo kiongozi wa Kisovieti, Leonid Brezhnev, alikuwa ameitoa Tashkent siku mbili kabla. Ukumbi wa mikutano haukuwepo, hivyo waandishi walisimama wakimzunguka. Alisoma sentensi tatu: tumeisikia hotuba, tunayakataa mashambulizi yaliyomo dhidi ya China, tutatazama vitendo. Hakupokea maswali. Sentensi tatu zile zilichambuliwa dunia nzima, kwa sababu zilifungua mlango wa maelewano bila kumwinamia mtu. Mwaka uliofuata wizara yake ikaanzisha rasmi mfumo wa wasemaji. Qian baadaye akawa waziri wa mambo ya nje, na mkalimani wake wa siku ile, Li Zhaoxing, naye akaja kushika wadhifa huohuo.

Jaribu kipimo hicho leo. Andika msimamo wa nchi yako juu ya suala zito kwa sentensi tatu. Zikizidi tano, mara nyingi ni dalili kwamba serikali yenyewe haijaamua. Rudi kwa mwenye dawati ukamwambie hivyo.

Usiogope kusema hujui. Sema hivi: “Hilo sina jibu lake sasa hivi. Naomba nilichukue, nitakupa kabla ya saa kumi.” Kisha mpe kabla ya saa kumi. Mwandishi anayekuamini hatabuni jibu lako.

Swali likianza na “je, ikitokea kwamba”, usilikubali. “Siwezi kujibu jambo ambalo halijatokea” inatosha. Usiongeze “lakini”. Neno hilo limewaponza wasemaji wengi.

Hata ukweli mtupu unahitaji kupimwa. Julai 1990 majeshi ya Iraq yalikuwa yakijikusanya karibu na Kuwait. Tarehe 24, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Margaret Tutwiler, aliulizwa kama nchi yake ina wajibu wa kuilinda Kuwait. Alijibu kwamba hakuna mkataba wa ulinzi wala ahadi maalumu. Ilikuwa kweli tupu. Tarehe 2 Agosti Iraq iliivamia Kuwait. Sisemi jibu lile ndilo lililoleta vita. Saddam Hussein alikuwa na hesabu zake. Ninachosema ni kwamba kabla ya kutoa jibu la kweli, ligeuze ulisikilize kwa masikio ya yule mwenye bunduki. Ukiona anaweza kulisikia kama ruhusa, ongeza sentensi ya kumzuia, na sentensi hiyo nayo iwe na mwenyewe.

Mitandao inahitaji ulinzi wa pekee. Tarehe 14 Septemba 2022, siku moja baada ya Rais William Ruto kuapishwa, akaunti yake ya Twitter ilitangaza kwamba Kenya imeacha kuitambua Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara. Rais wa jamhuri hiyo alikuwa mmoja wa wageni kwenye sherehe za kuapishwa. Posti ikafutwa. Siku mbili baadaye Wizara ya Mambo ya Nje iliziandikia balozi zake kwamba msimamo wa Kenya haujabadilika, na kwamba Kenya haiendeshi sera yake ya nje kupitia Twitter.

Kabla mwezi mmoja haujapita, zamu ikawa ya Uganda. Mapema Oktoba, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni, aliandika Twitter kuhusu kuiteka Nairobi ndani ya wiki mbili. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uganda ikatoa taarifa tarehe 4: serikali haiendeshi sera ya nje kwa mitandao ya kijamii. Museveni mwenyewe akawaomba radhi Wakenya. Wizara mbili za nchi jirani, wiki tatu, kauli karibu ileile.

Hatua ya kuchukua ni hii. Tengeneza orodha ya akaunti zote ambazo dunia inazihesabu kuwa sauti ya nchi: ya rais, ya waziri, ya wizara, za balozi zote. Jua nani ana nywila ya kila moja. Kubalianeni kwamba posti inayotaja nchi ya kigeni hupitia kwako na kwa mwenye dawati kabla haijaenda hewani. Ikikosewa, usiifute kimyakimya. Picha yake imeshasambaa. Toa sahihisho lenye tarehe, liseme wazi lipi ndilo.

Na akaunti yako binafsi? Haipo tena. Machi 2020, Zhao Lijian, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China, aliandika Twitter kwamba huenda jeshi la Marekani ndilo lililopeleka korona Wuhan. Kesho yake Marekani ilimwita balozi wa China wizarani. Balozi ndiye aliyekwenda kuketi kwenye kiti kile cha moto. Kabla hujabonyeza, mfikirie balozi wako aliye kwenye mji mkuu unaoutaja.

Mikutano midogo nayo ni mikutano. Mwaka 2011 P.J. Crowley, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, alizungumza na kikundi kidogo katika chuo cha MIT. Akaulizwa kuhusu mateso ya askari aliyekuwa kizuizini kwa tuhuma za kuvujisha nyaraka. Akasema alichoamini: wanavyomtendea ni upumbavu. Aliyekuwapo akaandika. Crowley alijiuzulu tarehe 13 Machi. Mimi naona alisema kweli. Lakini ndani ya cheo hicho huna “maoni yangu binafsi”, hata harusini. Ukitaka kuzungumza bila kutajwa jina, kubaliana na mwandishi kabla hujafungua mdomo. Baada ya kusema, umeshachelewa.

Ukipata nafasi ya kuchagua mfano, uchukue nyumbani. Februari 2022, balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alizungumza kwenye Baraza la Usalama usiku ambao Urusi iliyatambua majimbo mawili ya Ukraine kuwa nchi huru. Hakuazima lugha ya wakubwa. Aliwaambia kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon, ikawatenga ndugu, nasi tukaamua kuishi nayo badala ya kupigana milele. Hotuba ilizunguka dunia kwa sababu nchi nyingine isingeweza kuisema kwa haki ileile. Nchi yako ina jambo la namna hiyo. Litafute kabla hujalihitaji.

Sasa siku ya msiba. Mapigano yalipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi kutoka Afrika Mashariki walikuwa mabwenini huko, uwanja wa ndege umefungwa, na wazazi wao huku nyumbani wanapiga simu kila ofisi yenye jina la serikali. Siku kama hiyo achana na lugha ya kidiplomasia. Mama mwenye mtoto kule hataki kusikia kwamba serikali “inatiwa wasiwasi na hali ya usalama”.

Taarifa ya kwanza itoke ndani ya saa moja, hata kama ni fupi. Iseme mnachojua, mnachofanya, na saa mtakayozungumza tena. Saa hiyo ikifika, zungumza, hata kama hakuna jipya.

Weka namba ya simu. Kisha, kabla hujaichapisha, ipige mwenyewe. Ipige saa nane usiku pia. Namba isiyopokelewa ni ukatili kwa mzazi ambaye amekaa nayo mkononi tangu magharibi.

Andika taarifa kama maandishi ya kawaida yanayoweza kutumwa WhatsApp. Picha ya barua yenye muhuri, ikishapitia makundi matatu, haisomeki; na namba iliyomo ndani haiwezi kunakiliwa. Muhuri upo kwa ajili ya jalada. Mzazi anahitaji tarakimu.

Usitaje njia ya misafara wala saa ya kuondoka. Wenye silaha nao wanasoma. Usitoe idadi ya watu mpaka konseli amehesabu majina. Na usithibitishe kifo chochote mpaka familia imeambiwa na mtu, kwa sauti. Mwandishi akikubana, mweleze sababu hiyohiyo. Wengi watakuelewa, maana nao wana ndugu.

Nimeliacha gumu zaidi hadi hapa. Tarehe 10 Juni 1994, mauaji ya Rwanda yalikuwa yamefikisha miezi miwili na mamia ya maelfu ya Watutsi walikuwa wameshauawa. Jijini Washington, Christine Shelly alisimama kuzungumza kwa niaba ya Wizara ya Mambo ya Nje. Alikuwa na maelekezo: anaweza kusema “matendo ya mauaji ya kimbari” yametokea, lakini si kusema moja kwa moja kwamba haya ni mauaji ya kimbari. Alan Elsner wa Reuters akamuuliza: yanahitajika matendo mangapi ya mauaji ya kimbari ili yawe mauaji ya kimbari? Shelly akajibu kwamba hilo si swali aliloweza kulijibu.

Maneno yale yalikuwa na mwenyewe. Karatasi ya ndani ya serikali ya tarehe 1 Mei, iliyokuja kuwekwa wazi baadaye, inaonyesha wanasheria wa wizara walihofu kwamba kuyaita mauaji ya kimbari kungeilazimisha Marekani kufanya jambo. Mkataba wa 1948 unazitaka nchi kuzuia uhalifu huo. Kwa hiyo neno likafungiwa, na mwanamke mmoja akatumwa mbele ya kamera kulilinda. Inauma kulitazama tukio lile hata leo, hasa kwetu tunaoishi jirani na makaburi yale.

Ukipewa karatasi ya namna hiyo, usipande nayo kimya. Nenda kwa mwanasheria aliyeiandika. Muulize yeye, ana kwa ana, swali la pili ambalo mwandishi atakuuliza wewe. Mwache atafute jibu. Akigugumia, mwambie: hivyo ndivyo nitakavyogugumia mimi mbele ya dunia. Sentensi nyingi mbovu hufia hapo.

Kisha pendekeza nyingine. Kama hukumu ya kisheria bado, lisemwe hilo wazi, na ukweli usemwe wote: watu wanauawa, wanauawa kwa sababu ya kabila lao, wanaowaua ni fulani, tunataka waache leo. Hakuna mwanasheria anayeweza kukuzuia kueleza kilichotokea. Wakikataa hata hilo, andika pingamizi lako kwa Katibu Mkuu, lenye tarehe, na ubaki na nakala.

Na kama unatakiwa kusema uongo, jibu ni hapana. Bernard Kalb alikuwa mwandishi wa habari kabla hajawa msemaji wa wizara hiyohiyo ya Marekani. Oktoba 1986 gazeti la Washington Post liliandika kwamba serikali ilikuwa na mpango wa kupenyeza habari za uongo dhidi ya Gaddafi wa Libya. Kalb alijiuzulu kabla wiki haijapita. Kunyamaza unaruhusiwa. Kukataa kujibu unaruhusiwa. Kudanganya kunamfanya kila msemaji atakayekufuata asiaminike, na siku ya Khartoum mzazi hataamini namba uliyompa.

Mkutano ukiisha, usikimbilie chakula. Orodhesha maswali uliyoyachukua na uyapeleke madawati kabla watu hawajatoka kazini. Pata maandishi ya yote uliyosema, uyasome, na ulipoteleza toa sahihisho leoleo. Kisha mpigie afisa wa ubalozi wa nchi uliyoitaja kwa ukali zaidi. Usimwombe radhi. Msomee sentensi ileile, neno kwa neno, ili atakachoandika jioni kiwe ndicho ulichosema.